Mtoto wa sikoseli akikua: jinsi ya kumtoa kliniki ya watoto na kumfikisha ya wakubwa bila kumpoteza njiani

Wazazi wenzangu, walezi, na nyie vijana wenyewe mnaosoma hapa, hii naandika kwa ajili ya wenye sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, au selimundu kama inavyoandikwa kwenye mabango ya wizara. Mimi ni mama wa kijana mwenye huo ugonjwa, ameshavuka upande wa wakubwa, na kwenye mabenchi ya kliniki nimekaa na wazazi wengi sana mpaka najua maswali yao kabla hawajauliza. Swali linalorudi kila mara ni hili: mwanangu anakaribia miaka 18, wameniambia hapa sio pa kwake tena, sasa niende wapi?

Inakadiriwa Tanzania wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye sikoseli kila mwaka. Zamani wengi walikuwa wanaondoka kabla ya miaka mitano hata hawajajulikana wanaumwa nini, ila sasa kuna penisilini ya kila siku kwa wadogo, kuna chanjo, kuna haidroksiyurea, ile dawa ya kunywa inayopunguza makali ya sikoseli, na watoto wetu wanafika sekondari, wanafika chuo, wanaoa na kuolewa. Ni furaha kubwa. Lakini hapo katikati kuna shimo. Kule Dallas, Marekani, walifuatilia watoto wa sikoseli tangu wanazaliwa, matokeo yakatoka mwaka 2010, karibu 94 kati ya kila 100 wenye ile aina kali walifika miaka 18, ila wakaona vifo vingi vya miaka ya karibuni vilikuwa vya vijana wa 18 na kuendelea, muda mfupi tu baada ya kuhama kutoka kliniki ya watoto. Hiyo ni nchi yenye kila kitu. Kwa hiyo huku kwetu tusichukulie kuhama kliniki kama kubadilisha jengo tu.

Naomba mlishike hili kuliko yote: kijana asitoke kliniki ya watoto mpaka ameshaonana na daktari wa wakubwa angalau mara moja, na awe anaweza kuueleza ugonjwa wake kwa mdomo wake bila mama kumjibia. Hatua zote nitakazoandika zinaelekea huko.

HATUA YA 1: Anza akiwa na miaka 12 hivi, usingoje 17

Watu wanasubiri mpaka nesi aseme "huyu ameshakuwa mkubwa", hapo umeshachelewa. Akifika miaka 12 au 13 anza kumpa kazi ndogo ndogo. Ajue aina yake, ni SS (aliyerithi chembe ya sikoseli kwa baba na kwa mama) au ni nyingine, maana sio wote wanafanana. Ajue damu yake (hemoglobini) ikiwa kawaida inakuwa ngapi, kuna watoto wanaishi na 7 wako vizuri kabisa wanacheza, sasa daktari mgeni akiona 7 anashtuka anataka kumuongezea damu haraka, kumbe kwake ndo kawaida yake. Ajue majina ya dawa zake sio "kile kidonge cha njano".

Na pale kliniki daktari akiuliza "unaendeleaje", mama nyamaza. Najua ni ngumu, mdomo unawasha, lakini nyamaza, ajibu yeye, ukiona kasahau kitu muhimu ongezea mwishoni. Kuanzia miaka 14 au 15 omba daktari aongee naye dakika chache peke yake, wewe ukae nje. Usione kama unatengwa. Kuna mambo hawezi kuyasema mbele yako na hayo hayo ndo yanayomfanya aache dawa.

Kuhusu haidroksiyurea, dozi yake inaenda na kilo. Mtoto aliyeanzishiwa akiwa na kilo 20 akifika kilo 45 hawezi kubaki na dozi ile ile, na unakuta vijana wengi wanasema "dawa siku hizi hainisaidii" kumbe mwili umekua dozi imebaki nyuma. Kila miezi michache apimwe FBP, yaani picha nzima ya damu, daktari aangalie na dozi. Dawa hii sio ya kubahatisha, utafiti mkubwa uliotoka 2019 uliofanyika Kilifi Kenya, Mbale Uganda, Kinshasa na Luanda ulionyesha watoto wanaoitumia wanapata maumivu machache, malaria kidogo, wanaongezewa damu mara chache na vifo vinapungua. Sasa kijana aliyeinywa miaka sita halafu akaiacha kwa sababu hajui dirisha la dawa la wakubwa liko wapi, inauma sana.

HATUA YA 2: Uliza wanahama lini na wanakwenda wapi

Umri wa kuhama haufanani, hospitali hii inakwambia hivi, ile inakwambia vingine. Muulize nesi wa kliniki mwaka mmoja au miwili kabla. Maswali yenyewe ni haya: kliniki ya wakubwa ni siku gani, ni ya daktari wa damu au ya magonjwa ya ndani kwa ujumla, nani anaandika rufaa ya ndani, faili la zamani linahamishwa au anafunguliwa jipya, na dawa anachukulia wapi.

Kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, ambako programu ya sikoseli ilianza mwaka 2004, utakuta watu waliozoea wagonjwa wa aina hii. Ukiwa wilayani hali ni tofauti, mara nyingi kijana anaangukia kliniki ya jumla pamoja na wazee wa presha na sukari. Hapo usikate tamaa, tafuta daktari mmoja wa magonjwa ya ndani, jitambulishe mapema, halafu uliza kama kijana anaweza kuwa anaonwa hapo karibu kila mwezi na kwenda hospitali ya rufaa mara moja au mbili kwa mwaka. Mpango huo ni bora kuliko kuandikiwa hospitali ya mbali ambayo nauli yake itamshinda baada ya safari ya pili.

Pia usikubali kuhamishwa katikati ya matatizo. Kama ametoka kulazwa juzi, ana mimba, au yuko kwenye mitihani ya kidato cha nne, omba asogezewe mbele kidogo. Madaktari wengi wanaelewa ukieleza vizuri.

HATUA YA 3: Karatasi ya historia yake

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndo panapookoa watu. Faili la miaka 15 linaweza kuwa nene kama msahafu lakini daktari wa mapokezi saa nane usiku hatalisoma, na kuna uwezekano mkubwa halitaonekana kabisa. Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja au miwili, imeandikwa na kusainiwa na daktari wa watoto, yenye muhuri. Omba miezi kama sita kabla ya kuhama, sio siku ya mwisho, wana foleni ndefu watakwambia rudi wiki ijayo.

Mle ndani iwemo: aina ya sikoseli na jinsi ilivyothibitishwa. Kiwango chake cha kawaida cha damu na asilimia ya oksijeni akiwa mzima. Dawa zote na dozi, na haidroksiyurea alianza lini. Mara ngapi kalazwa miaka miwili iliyopita na kwa nini. Kama alishawahi kupata kiharusi, hata kile kidogo kilichopita, au maumivu ya kifua yenye homa na kushindwa kupumua. Kama bandama lake lilivimba ghafla au lilitolewa. Upasuaji wowote, mawe kwenye nyongo yapo sana kwa hawa watoto. Mzio wa dawa. Chanjo alizopata na tarehe.

Halafu damu. Ameongezewa chupa ngapi kwa makadirio, kundi lake, na kama alishawahi kupata shida wakati wa kuongezewa, mwili kuwasha, homa, mkojo kuwa kama coca-cola. Mtu aliyeongezewa damu mara nyingi mwili wake unaweza kutengeneza kinga dhidi ya damu ya watu wengine, na maabara wasipojua wanaweza kumpa chupa inayomdhuru. Hii habari wazazi wengi hawaiandiki popote, iko kichwani kwa mama tu, na mama siku hiyo yuko msibani Singida.

Na mstari wa mwisho, muhimu kuliko yote kwa kijana mwenyewe: akipata maumivu makali ni dawa gani humsaidia na kwa dozi gani. Mtaona sababu kwenye hatua ya 6.

Toeni kopi. Moja kwenye faili jipya, moja nyumbani, moja akae nayo kwenye begi, na picha yake iwe kwenye simu ya kijana na simu za watu wawili wa karibu. Kila mwaka isahihishwe.

HATUA YA 4: Vipimo vya kumaliza kabla ya kuondoka

Sikoseli ya utu uzima haifanani na ya utotoni. Mtoto unahangaika na homa, bandama na kupungua damu. Mtu mzima viungo vinaanza kuchoka taratibu: figo, macho, nyonga, mapafu, na vidonda miguuni karibu na kifundo ambavyo havitaki kupona. Kwa hiyo kabla hajatoka kwa daktari anayemjua, omba aangaliwe hivi.

Kipimo cha mishipa ya kichwani, ile ultrasaundi ya kuangalia kasi ya damu, kinafanywa kila mwaka kuanzia miaka 2 mpaka 16, basi hakikisha cha mwisho kimefanyika na jibu limeandikwa. Macho yaangaliwe na daktari wa macho kwa kutanua mboni, inashauriwa kuanzia miaka 10, maana macho yanaweza kuharibika kwa ndani huku anaona vizuri tu. Mkojo upimwe protini kila mwaka kuanzia miaka 10 pia, figo haziumi mapema. Akisema nyonga inamuuma akitembea msiseme "ni kawaida yake", apigwe picha. Akichoka sana kupanda ngazi mwambieni daktari, anaweza kuhitaji kipimo cha moyo.

Kuna jambo lingine la kuuliza mapema, kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imeshaanza kupandikiza kwa watoto wenye sikoseli. Matokeo yanakuwa mazuri zaidi mgonjwa akiwa mdogo na akiwa na ndugu wa baba mmoja mama mmoja anayefanana naye kwa vipimo. Sio kila mtu anafaa, na sio jambo dogo, lakini swali liulizwe akiwa bado upande wa watoto.

HATUA YA 5: Bima na kitambulisho

Fupi lakini inaangusha watu. Mtoto akifika 18 sio mtoto tena kisheria, na kadi za bima za watoto kama Toto Afya zinaishia hapo. Kwa wanaotumia bima ya mzazi mtumishi, Mei Mosi 2021 Rais Samia alitangaza umri wa mtegemezi upandishwe kutoka 18 mpaka 21, kwa hiyo ulizeni ofisi ya bima kadi yake inaisha tarehe ngapi hasa na kifurushi gani kinafuata. Ulizeni pia kama haidroksiyurea imo kwenye kifurushi hicho, msidhani. Akijiunga na chuo kuna utaratibu wa bima za wanafunzi kupitia chuo. NIDA aanze kufuatilia mara tu anapofikisha umri, hata kama kitambulisho kitachelewa namba itamsaidia. Na kama familia haina uwezo kabisa, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali KABLA ya kuhama, sio siku amelazwa na bili imeshapanda.

Kingine, akishafika 18 fomu za ridhaa za upasuaji anasaini yeye, na majibu yake ni yake. Aambiwe hilo mapema ili lisimshtue.

HATUA YA 6: Maumivu, na jinsi ya kuongea mapokezi ya wakubwa

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Wodi ya watoto nesi anamjua, akifika analia tu anawekewa dripu na dawa. Upande wa wakubwa anafika kijana wa miaka 19 ana ndevu, hana jeraha, hana homa, anaomba mofini kwa jina. Kuna mahali atatazamwa kama mtu anayetafuta dawa za kulevya. Imetokea kwa vijana ninaowafahamu, wakakalishwa benchi masaa huku mifupa inawaka, wengine wakaondoka na kurudi nyumbani kuumia kimya kimya. Hilo la kurudi nyumbani ndilo linaloniogopesha.

Kwa hiyo kijana ajifunze kusema hivi, afanye mazoezi hata sebuleni: "Shikamoo dokta. Nina sikoseli aina ya SS. Maumivu yameanza jana usiku, mgongo na miguu, kwa kumi ni tisa. Nimekunywa maji, panadoli na tramadoli hayajapungua. Damu yangu kawaida ni 7.5. Hii ni karatasi ya daktari wangu na dawa inayonisaidia imeandikwa hapa." Akisema hivyo huku anaonyesha karatasi yenye muhuri, mambo yanabadilika mara nyingi. Na awe na mtu wa kumsindikiza, maana maumivu yakizidi hata jina lako unasahau.

Nyumbani awe na mpango ulioandikwa na daktari: aanze na nini, baada ya masaa mangapi aongeze nini, na wakati gani aache kusubiri aende hospitali. Dawa kama brufeni na diklofenaki asinywe hovyo kila siku kwa sababu zinaumiza figo, na figo zake tayari ziko hatarini.

Vitu vya kukimbia hospitali muda huo huo, usiku au mchana, bila kusubiri mpango: homa ya 38.5 kwenda juu, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, mkono au mguu mmoja kulegea, mdomo kupinda, maneno kutoka vibaya, kichwa kuuma kuliko ilivyowahi, kuona kuzima ghafla, weupe wa ghafla na kuishiwa nguvu, tumbo upande wa kushoto kuvimba. Na kwa wavulana, uume kusimama wenyewe bila hamu, unauma na haushuki. Ukipita masaa mawili aende hospitali, masaa manne ni hatari kubwa ya kuharibika moja kwa moja. Vijana wanaona aibu wanaficha mpaka asubuhi. Baba, mjomba, kaka mkubwa, yeyote anayeweza kuongea naye, mwambieni kabla haijatokea.

HATUA YA 7: Mapenzi, uzazi na mengine ya utu uzima

Wenye sikoseli wengi wanachelewa kubalehe, mwili unabaki mdogo, kwa hiyo watu wanawachukulia watoto hata wakiwa na miaka 20. Msifanye hivyo nyumbani. Wana hisia kama wenzao.

Hesabu ya urithi ni hii, kwa mwenye SS: akizaa na mtu asiye na chembe ya urithi ya sikoseli kabisa watoto wote watabeba chembe lakini hawataumwa. Akizaa na mtu anayebeba chembe, kila mimba ina nusu kwa nusu ya kupata mtoto mwenye sikoseli. Mwenza apimwe mapema, kipimo ni cha damu tu, na waambiane ukweli kabla familia hazijaanza vikao vya mahari.

Binti asipate mimba bila daktari kujua, ujauzito kwa mwenye sikoseli unahitaji uangalizi mkubwa kuanzia wiki za mwanzo, ila wanajifungua, wapo wengi. Haidroksiyurea ijadiliwe kabla ya kutafuta mtoto, kwa binti na kwa kijana wa kiume pia. Uzazi wa mpango asijichagulie duka la dawa, vidonge vyenye estrojeni vinaongeza hatari ya damu kuganda, zipo njia nyingine zinazomfaa. Pombe inakausha maji mwilini, sigara inaharibu mapafu, hayo hayana mjadala.

Na huzuni. Ukiona amejifungia, ameacha dawa, anasema "si nitakufa tu", usimkemee. Mwambieni daktari, hilo nalo linatibiwa.

HATUA YA 8: Bweni, chuo, JKT, kazini

Akienda mbali na nyumbani, wiki ya kwanza aijue hospitali ya karibu na apeleke kopi ya karatasi kwa matroni au zahanati ya chuo, na rafiki mmoja wa chumbani ajue dalili za hatari. Barua ya daktari iseme wazi: aruhusiwe kunywa maji muda wote na kwenda chooni, asiogeshwe maji ya baridi alfajiri, asipewe adhabu za kukimbia au kupiga magoti juani, alale kwenye chandarua. Chandarua msikidharau, anayebeba chembe tu ndo ana kinga kidogo ya malaria, mwenye ugonjwa wenyewe malaria inampiga vibaya mno.

Akimaliza kidato cha sita na majina ya JKT yakatoka, asiende kimya kimya kwa kuogopa kuonekana mlegevu. Mazoezi makali, kiu na baridi ya alfajiri ndo vitu vinavyoamsha maumivu. Barua ya daktari iandaliwe mapema na apeleke.

HATUA YA 9: Siku ya kwanza na mwaka wa kwanza

Ziara ya kwanza kwa wakubwa iwe wakati bado ana tarehe ya kurudi kliniki ya watoto, ili kukiwa na kasoro kuna pa kurudi kuuliza. Muende wote, ila chumbani aingie yeye mbele wewe nyuma. Abebe karatasi, dawa zenyewe na pakiti zake, kadi ya bima. Atoke na vitu vinne: tarehe inayofuata, dawa za kutosha mpaka tarehe hiyo, jina la daktari, na namba ya simu ya kliniki.

Mwaka huo wa kwanza mzazi usijitoe ghafla. Mkumbushe, muulize, mpe nauli, ila usimuwahi kwa kila kitu. Kama kliniki mpya wanamchukulia vibaya, ongea na muuguzi mkuu wa kliniki, ombeni daktari mwingine, hiyo ni haki yake, na asiache kwenda kwa sababu ya mtu mmoja. Vikundi vya wagonjwa vya WhatsApp vinasaidia kujua daktari gani anasikiliza na dawa inapatikana wapi, ila ushauri wa mizizi na "acha vidonge kunywa hiki" mpite nao mbali.

Akikosa tarehe, apige simu siku hiyo hiyo aombe nyingine ya karibu kabla chupa ya dawa haijaisha.